Kystyby yangu inavunjika nikiikunja, na hivi ni ya Wamari au ya Watatari?

"Shikamoo mtaalamu. Nilisoma Urusi, mji wa Yoshkar-Ola kule Mari El, jimbo la Wamari. Karibu na hosteli walikuwa wanauza mkate mwembamba umekunjwa katikati, ndani viazi vya kuponda, juu umepakwa siagi, unaula wa moto na chai. Wanauita kystyby. Afu rafiki yangu Mmari alinipeleka kijijini kwao, bibi yake akatupa kitu cha jamii hiyo hiyo ila kiko wazi juu, cha duara, kina jibini laini na kingo zimefinywafinywa, akasema hii ndo ya kwetu, ile ya mjini ni ya Watatari. Sasa nimerudi Dodoma, nataka kuipika, na ofisini kuna watu wanataka niwaletee kwa oda. Tatizo nikiikunja tu inakatika katikati kama biskuti. Nimeongeza mafuta kwenye unga, nimekaanga na mafuta mengi, bado. Unga wa rai, ile nafaka ya huko (rye), sijaupata, nikajaribu dona, ndo ikawa mbaya zaidi. Halafu viazi nikiponda usiku kwa oda ya asubuhi kuna shida? La mwisho, mwanangu wa miaka 3 akila ngano tumbo linajaa na anaharisha, kuna mtu kaniambia rai haina shida hiyo, nitafute rai nimpikie hizi. Nisaidie."

Marahaba mdogo wangu. Umeniletea maswali mengi kwa mpigo na moja wala sio la jikoni, kwa hiyo hilo naliweka mbele kwa ufupi afu nitalirudia huko chini: rai usimpe mtoto. Rai ina gluteni (ile protini inayofanya donge livutike), ngano ina gluteni, shayiri nayo ina gluteni. Kama kinachomsumbua mwanao ni gluteni basi utakuwa umemtoa kwenye ngano ukamrudisha kwenye tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma, na kama kinachomsumbua ni kitu kingine rai haitamsaidia pia. Aliyekwambia nadhani alikuwa na nia njema tu, hili kosa liko kila mahali.

Haya, sasa kuvunjika.

Ulichofanya ndo kile ambacho karibu kila mtu wa huku angefanya, mkate ukiwa mkavu unaongeza mafuta, manake chapati ndo zimetulea hivyo. Ila kystyby sio chapati iliyowekwa viazi. Chapati yetu unaipaka mafuta ndani, unaizungusha, unaisukuma tena, ndo unapata yale matabaka, afu unaikaanga na mafuta, kwa hiyo mafuta yapo kila mahali na yanabeba kazi kubwa ya ule ulaini. Kystyby ni tabaka moja tu, jembamba, na frampeni yake ni kavu kabisa, hakuna hata tone. Siagi inakuja mwishoni, mkate ukishaiva na ukishatoka kwenye moto. Ulaini wake unatokana na maji yaliyobaki ndani ya mkate, na hapo ndo shida yako ilipo, unapoteza maji halafu unajaribu kuyafidia kwa mafuta.

Na ulivyosema inakatika kama biskuti umesema kweli kuliko ulivyodhani. Ngano ukiikanda na maji, protini zake zinashikana zinatengeneza kama utando unaovutika, huo utando ndo unaoruhusu mkate ukunjike bila kukatika. Mafuta yakiwa mengi kwenye unga mkavu yanazifunika hizo protini kabla hazijakutana na maji, utando unakuwa mfupi mfupi na dhaifu, na hiyo ndo kanuni ya biskuti yenyewe. Kwa hiyo kila ulipoongeza mafuta ulikuwa unasogea kwenye biskuti, na ukaja kuongezea na dona ambalo halina protini za aina hiyo kabisa, hapo lazima ipasuke, hata mpishi wa Kazan, mji mkuu wa Watatari wenyewe, angepasuliwa.

Kuna jambo la pili, wanga. Ukipata joto la kama nyuzi 60 kwenda juu unanyonya maji yaliyomo kwenye donge na kuvimba, mkate unaiva unakuwa laini. Ukianza kupoa wanga unajipanga upya na kukaza, ndo maana chapati ya jana ni ngumu hata kama haijapoteza maji mengi. Kwa hiyo kystyby ina dirisha dogo sana la kukunjwa, ni pale inapotoka jikoni ikiwa bado ina mvuke. Ukiziacha wazi kwenye sahani mpaka umalize zote kumi ndo uanze kujaza, ile ya kwanza imeshakufa. Na uko Dodoma bwana, hewa ya huko kavu, kiangazi donge likikaa wazi dakika chache tu lishaota ngozi, na mkate ukitoka jikoni mvuke unakimbia kuliko mtu aliyeko Tanga anavyoona. Watu wawili wanaweza kufuata vipimo vile vile, mmoja akapata na mwingine akakosa, kisa hewa.

Vipimo ninavyopenda mimi: unga wa ngano gramu 300, yai moja, maziwa ya vuguvugu mililita 120, siagi iliyoyeyushwa gramu 40, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai ukitaka rangi nzuri. Siagi gramu 40 isikutishe kwamba nayo ni mafuta, hapo ipo kidogo na kuna maji ya kutosha ya kuiruhusu protini ifanye kazi yake. Hakuna hamira, hakuna baking pauda, mtu akikwambia weka hamira anakupeleka kwenye mapishi mengine ambayo nayo yapo na nitayafikia. Kanda dakika kama saba hivi mpaka donge liwe laini, lisinate mkononi lakini likibonyezwa liache alama ya kidole inayorudi taratibu. Kama ni gumu kama la kaimati zilizokosewa, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja, unga wa huku mara nyingi unakuwa mkavu unanyonya zaidi. Funika na bakuli au nailoni, acha nusu saa. Hiyo nusu saa usiiruke, ule utando unapumzika, ukisukuma bila kupumzisha donge linajirudi linakuwa dogo nene, unalazimisha, unaongeza unga wa kunyunyizia, na unga wa kunyunyizia ukizidi unaungua kwenye frampeni na kukausha mkate.

Gawa madonge nane mpaka kumi. Sukuma moja moja mengine yakiwa yamefunikwa, duara la sentimita 18 hadi 20, unene kama milimita 2, nyembamba kuliko chapati unayoizoea. Kung'uta unga uliozidi.

Frampeni iwe nzito na iwe ya moto kweli kweli kabla hujaweka ya kwanza. Nadhani hapa ndo ulikosea zaidi, watu wengi wanaogopa kuunguza wanaweka moto mdogo, mkate unakaa dakika tatu nne unaiva polepole na muda wote huo maji yanaondoka, mwisho una kitu cheupe kimekauka kama papadi. Moto ukiwa mkubwa, sekunde kama 40 tu utaona mapovu madogo yanainuka, chini kunatokea madoa ya kahawia hapa na pale, geuza, sekunde nyingine 30 mpaka 40, toa. Madoa yawe machache, katikati ya madoa mkate ubaki na rangi ya krimu. Ukiona umekuwa wa kahawia wote umechelewa. Ikivimba puto usiibonyeze na mwiko, iache, ule ni mvuke na unauhitaji.

Ikitoka tu, ipake siagi upande mmoja, iweke kwenye hotpoti au kwenye sahani chini ya taulo zito la jikoni, inayofuata iweke juu yake. Zinapeana mvuke. Ukifika ya tatu ya nne, ile ya chini imelegea kama kitambaa, ndo uichukue uijaze, vijiko viwili vya viazi upande mmoja, sambaza, kunja nusu, paka siagi juu. Kama una mtu wa kukusaidia, mmoja anakaanga mwingine anajaza, na wanaouza kule wanafanya hivyo hivyo, hakuna anayejaza mkate wa baridi. Ukiwa peke yako fanya mafungu ya mikate minne minne.

Ukishafanya yote hayo na bado inakatika, basi shida iko kwenye donge na hilo mimi kwa maandishi siwezi kulishika. Tafuta mama anayesukuma chapati za kuuza hapo mtaani kwako, mpelekee donge lako alibonyeze. Yeye haijui kystyby lakini atakwambia ndani ya sekunde tano kama ni gumu mno au umelikanda kidogo, mkono ule umeshika unga kuliko vitabu vyote.

Viazi navyo vina mambo yake. Chukua viazi mviringo vya ungaunga, vile vikichemka vinapasuka vyenyewe, vya Njombe au Mbeya vinafaa. Mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto dakika moja vikauke, ponda vikiwa vya moto, afu maziwa ya moto na siagi, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka rangi ya dhahabu. Ponda kwa mwiko au kipondeo, blenda isiguse, inapasua chembe za kiazi na kuumwaga wanga wote nje, unapata gundi. Mchanganyiko uwe laini wa kupakika lakini usiwe wa kumwagika, ukiwa mlaini sana unalowesha mkate na nao unachanika, hiyo ni kuvunjika kwa namna nyingine.

Kitu ambacho wengi hawajui, hivyo viazi sio vya zamani kwenye hii kitu. Kabla ya viazi walikuwa wanajaza uji mzito wa nafaka ndogo ya manjano ya jamii ya uwele, umepikwa na maziwa na siagi, na mpaka leo wapo wanaopika hivyo, ladha yake ina utamu fulani wa karanga-karanga hivi. Viazi viliingia kwa nguvu karne ya 19, na kuingia kwenyewe kulikuwa na vurugu, serikali ya mfalme wa Urusi iliwalazimisha wakulima wa mashamba ya dola watenge ardhi na kupanda, watu wakagoma, na kwenye mkoa wa Kazan mwaka 1842 wakulima Wachuvashi na Wamari waliinuka kabisa kupinga mageuzi ya serikali, viazi vikiwemo, jeshi likaletwa kuwazima. Leo ukienda kijiji hicho hicho viazi ndo chakula cha mababu. Nakutajia hili kwa sababu una uwele huko Dodoma, tena mzuri, na ukitaka kujaribu kujaza uji mzito wa uwele na maziwa hutakuwa unabuni, utakuwa umeisogelea ya zamani kuliko hiyo ya viazi.

Sasa ni ya nani. Bibi wa rafiki yako hajakosea na muuzaji wa mjini hajakosea. Hiyo ya kukunjwa isiyo na hamira, ukimuuliza mtu wa Tatarstan au Bashkortostan, majimbo ya Urusi ya Watatari na Wabashkiri, atakwambia ni yetu na ana haki, huko ndo inajulikana zaidi na jina lenyewe la Kitatari. Lakini Wamari wamekaa ubavuni mwa Watatari kwa karne na karne kwenye bonde la mto Volga, na baada ya Kazan kuanguka mikononi mwa Warusi mwaka 1552 Wamari wengi walihama kwenda mashariki, wakakaa katikati ya Wabashkiri, mpaka leo kuna jamii kubwa ya Wamari huko Bashkortostan. Sensa ya Urusi ya 2021 ilihesabu Wamari zaidi ya 420,000 na sehemu yao isiyo ndogo hawaishi Mari El. Watu wakichanganyika hivyo masufuria yanachanganyika pia, unaikuta Mmari anaipika na kuila tangu utotoni, utamwambia sio yake? Ni kama kubishana pilau ni ya Mombasa au ya Zanzibar, kila mtu atakushindia kwao.

Hiyo ya wazi uliyokula kijijini ni ukoo mwingine, au tuseme tawi lingine. Warusi wa kaskazini na Wakomi na watu wa Urali wanaiita shanga, na Wamari na majirani zao Waudmurti wanayo. Hapa donge mara nyingi linachachuliwa au ni la rai au la mchanganyiko, unatengeneza duara dogo, unapaka juu viazi au jibini laini lililochanganywa na yai, unafinya kingo zisimame, unapaka krimu chachu juu, inaokwa. Waudmurti wana yao inaitwa perepechi, hiyo kingo zake zinainuliwa zaidi mpaka inakuwa kama kikapu kidogo, ndani nyama au uyoga au kabichi afu wanamwagia mayai yaliyopigwa na maziwa. Kama uliangalia yale mashindano ya Eurovision ya 2012 kule Baku utawakumbuka bibi wa Buranovo, wale Waudmurti walioimba huku jukwaani kuna tanuri linafanya kazi, wakashika nafasi ya pili. Ukienda mbali zaidi mpaka Karelia na Finland unakuta ndugu yake mwingine, ganda jembamba la rai limefinywa pembeni, ndani uji wa wali. Wamari, Waudmurti, Wakarelia na Wafini lugha zao ni za ukoo mmoja, ila mi nisingesema chakula kimefuata lugha, Warusi wa kaskazini sio wa ukoo huo na wanayo ile ile. Nafikiri kimefuata nafaka na tanuri.

Manake angalia, rai inavumilia baridi na udongo maskini kuliko ngano, kwa hiyo kaskazini ndo ilikuwa unga wa kila siku. Na unga wa rai hauna utando ule niliokueleza, gluteni yake dhaifu, halafu umejaa nyuzinyuzi zinazonyonya maji na kunata, donge linakuwa la kubonyezwa zaidi kuliko la kuvutwa. Huwezi kulikaanga jembamba ukalikunja nusu bila mpasuko. Lakini ukilifinya kingo likakaa wima, likaokwa na kitu chenye majimaji juu yake, linakuwa tamu ajabu. Kwa hiyo usitafute rai kwa ajili ya kystyby ya kukunja, huihitaji, ngano ndo yenyewe. Rai ni ya ile ya bibi.

Wamari wana nyingine ambayo ungeipenda, koman melna, hii wanaihesabu ni yao hasa na ni chakula cha sikukuu na cha wageni. Ni mkate wa tabaka tatu, chini kuna donge jembamba lisilochachuka linakaangwa kidogo, juu yake linamwagwa rojo la unga linaivishwa, na juu ya hapo oti zilizolowekwa kwenye maziwa mgando au krimu, inarudi tena kwenye moto. Kila tabaka linaiva kivyake kabla ya linalofuata, kazi yake ni ya asubuhi nzima, usiianze siku ya oda. Kuna na podkogylyo, hizo ni za kuchemsha, umbo la mwezi mchanga, ndani nyama au jibini au viazi, za zamani zilijazwa hata nyama ya sungura pori. Hizo zinaingia kwenye mambo ya sambusa za maji, sio mkate tena, nakutajia tu ukizikuta kwenye menyu usidhani ni kitu kile kile.

Ukitaka ile ya wazi, jibini laini utalitengeneza mwenyewe. Chukua mtindi lita 2, mgando mzuri uliotengenezwa na maziwa yaliyochemshwa, weka kwenye sufuria na moto mdogo sana, usikoroge koroge, ukipata joto utaona maji ya kijanikijani yanajitenga na mabonge meupe yanakusanyika, usiruhusu uchemke, ukichemka linakuwa gumu kama raba. Mimina kwenye kitambaa safi, tundika saa mbili tatu. Ukiminya kidogo likashikana bila kudondosha maji, liko tayari, changanya na yai moja, sukari kidogo au chumvi, kijiko cha unga. Maziwa mabichi ya kwa jirani yasiyochemshwa usitumie kabisa, homa ya brusela ipo kwenye maeneo ya mifugo na huo moto mdogo hauna uhakika wa kuiua. Kwa krimu chachu, changanya krimu nzito na mtindi vijiko viwili, funika, acha mezani usiku kucha, asubuhi weka friji.

Unga wa rai wakati mwingine unapatikana kwenye supamaketi kubwa za Dar, bei yake inauma. Ukikosa, robo tatu unga wa atta na robo ulezi inakupa rangi na ule ukali kidogo, haitakuwa rai lakini inafinyika vizuri na nakuhakikishia watu wa ofisini hawatalalamika. Kama huna oveni, jiko la mkaa na sufuria kavu yenye mfuniko, mkaa kidogo chini na mwingi juu, kama unavyopika keki. Joto liwe kali, kama nyuzi 220 kwa mwenye oveni, dakika 15 hivi. Usioke kwa moto mdogo, jibini litatoa maji na ganda litalowa.

Oda sasa. Viazi vya kupondwa usiku na kuachwa jikoni mpaka asubuhi ni hatari, na usijidanganye kwamba ukivipasha vitakuwa salama. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, chakula cha wanga kikipoa polepole zinaamka na kuzaliana na baadhi zinatoa sumu ambayo hata ukichemsha tena haiondoki, ni yule yule wa wali uliolala nje. Utawatapisha ofisi nzima, na oda ndo zimeishia hapo. Ponda usiku kama unataka, lakini vitandaze kwenye trei pana vipoe haraka, viingie friji ndani ya saa mbili, na siku za joto fanya iwe saa moja, asubuhi pasha mpaka vitoe mvuke kote. Kwa jibini ni hivyo hivyo. Mikate yenyewe kinyume chake, usiiweke friji, baridi ya friji inaukaza wanga haraka kuliko hata joto la mezani. Donge ndo lilale friji, limefungwa vizuri, litoe asubuhi likae nusu saa kabla ya kusukuma. Au tengeneza zilizokamilika, poza, weka friza, hizo zinavumilia, na za kupasha ni kwenye frampeni yenye mfuniko na kipande cha siagi, sio maikrowevu bila kufunika.

Swali ambalo hukuliuliza ila nakwambia, ukishaanza kuuza mara kwa mara pita kwa afisa afya wa kata yako akuelekeze kuhusu kupimwa afya na mahali pa kuandalia. Ni usumbufu kidogo lakini bora ukutane naye wewe kwanza kuliko akukute.

Narudi kwa mtoto. Tumbo kujaa na kuharisha akila ngano kunaweza kuwa siliaki (ugonjwa wa mwili kupambana na gluteni na kuumiza utumbo), kunaweza kuwa aleji ya ngano, kunaweza kuwa maziwa anayokunywa pamoja na huo mkate, kunaweza kuwa minyoo au vijidudu vya giardia na ngano imesingiziwa tu. Mi ni mtu wa unga, siwezi kuchagua kati ya hayo na wala mtu yeyote wa mtandaoni asikuchagulie. Mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii, na andika kwenye daftari anachokula na kinachofuata, uzito wake wa kliniki uende nao. Kosa kubwa ambalo wazazi wanafanya kwa huruma ni kumwachisha ngano kabisa kabla ya vipimo, kipimo cha damu cha siliaki kinahitaji mtoto awe bado anakula gluteni, ukiitoa mapema majibu yanaweza kusema hana wakati anayo. Kwa hiyo usibadilishe chochote mpaka daktari aseme, isipokuwa kama anavimba midomo au uso, anatoka vipele au anapumua kwa shida akishakula, hapo ngano unaisimamisha mara moja na hospitali ni muda huo huo. Na kama ana damu kwenye choo, amelegea, hakojoi vizuri au uzito unashuka, usisubiri hiyo wiki, nenda leo.

Ikithibitika ni gluteni, kystyby bado ataila, ya namna yake. Unga wa mtama au wa uwele vikombe viwili, chumvi, maji yanayochemka kikombe kimoja na nusu yanamwagwa hapo hapo unakoroga na mwiko, hayo maji ya moto yanauvimbisha wanga na ndo unafanya kazi ya kushikanisha badala ya gluteni. Ukiweza kugusa, kanda, bonyeza kwa kiganja kwenye nailoni liwe nene kidogo kuliko la ngano, frampeni ya moto. Sitakudanganya, litakunjika likiwa la moto tu na kingo zitapasuka kidogo, kwa hiyo kwa mtoto ni bora ulifanye kama la bibi, dogo, wazi, kingo umezifinya, viazi juu. Unga huo ununue nafaka nzima, uoshe, usagishe mwenyewe mashine isiyopitishwa ngano, manake kwenye mashine za mtaani zinachanganyika. Na kibao chake cha kusukumia na frampeni viwe vya peke yake, visiguse unga wa oda.